CHUKUDU YA DHAHABU HAINA JINA

Wandugu raia wa Goma, mama zetu, baba zetu, vijana wenzetu wa Majengo, Katindo, Birere, Ndosho, Himbi, Mugunga na kila kartiye,

Leo hatuandiki juu ya kodi. Hatuandiki juu ya umeme wala barabara. Leo tunaandika juu ya jiwe. Musicheke kwanza. Musome mupaka mwisho, kisha mutaamua kama tumepoteza akili ama hapana.

Kila mtu wa Goma anajua Rond-point Tshukudu. Ukimwambia motard "unifikishe Tshukudu", haulizi mara mbili. Pale katikati kuna sanamu ya mwanaume na chukudu yake, vyote rangi ya dhahabu. Mgeni akifika mjini, anapiga picha pale. Waharusi wanapita pale na fotografe wao. Imesimama zaidi ya miaka kumi na tano, na katika hiyo miaka imeona majeshi yakiingia na yakitoka, imeona mji ukikimbia volkano, imeona wakimbizi wakipita na magodoro kichwani.

Sisi tunaipenda ile sanamu, tuseme wazi. Miji mingine inasimamisha generali juu ya farasi. Sisi tulisimamisha mtu anayesukuma mzigo. Na chukudu hakuna muzungu aliyetuletea. Ni akili ya watu wa hapa Kivu ya Kaskazini: mbao, misumari, magurudumu ya mti, na goti la mtu. Inashuka na makala, viazi, makabichi kutoka Kibumba na njia ya Rutshuru, mamia ya kilo kwa mara moja. Kuisimamisha katikati ya mji ilikuwa kusema: heshima ya huu mji iko katika jasho ya mtu mdogo.

Lakini tuulize swali moja tu. Yule mwanaume wa dhahabu anaitwa nani?

Hana jina. Ni "mtu wa chukudu". Na chini yake, saa ileile, mtu wa chukudu wa nyama na damu anapita. Bega limechubuka, kandambili imekatika, anasimamishwa hapa anatoa kidogo, anasimamishwa pale anatoa kidogo tena. Yeye pia hakuna anayemuuliza jina. Tunamwita "we chukudu, sogea!" Dhahabu ilikwenda kwa sanamu, vumbi ikabaki kwa mwenyewe.

Njo tunachotaka kusema leo, na tunakisema mara moja ili kisipotee: mji wa Goma unajua kuhesabu watu wake, lakini haujui kuwaita kwa majina. Na mtu asiye na jina, ni rahisi kumuua mara ya pili. Tunataka jiwe lenye majina. Majina yote. Bila kabila, bila cheo, bila picha ya mkubwa.

Hesabu yao na hesabu yetu

Hii tabia ya kumwandika mmoja na kumsahau mwingine haikuanza na sisi. Tulifundishwa.

Karibu na Bruxelles kuna mji mdogo unaoitwa Tervuren. Mwaka 1897 Léopold II alipeleka Ubeleji Wakongomani 267, wakawekwa pale katika vijiji vya kuigiza, Wabeleji wakaja kuwaangalia kama vile watu wanavyoangalia nyama za porini. Saba walikufa kule. Majina yao yanajulikana: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa, Mibange. Wamezikwa kando ya kanisa.

Baadaye pakajengwa pale musée kubwa ya Afrika. Ndani yake kuna ukuta wenye majina ya Wabeleji 1.508 waliokufa Kongo wakati wa Léopold. Elfu moja mia tano na nane, jina kwa jina. Na Wakongomani waliokufa kwa ajili ya mpira na pembe za tembo, waliokatwa mikono, waliochomewa vijiji? Kwenye ule ukuta hakuna hata mmoja. Si kwamba walikuwa wachache. Ni kwamba muzungu alikuwa mtu, na mweusi alikuwa hesabu. Mara nyingi hata hesabu hakuwa.

Musée ilipofunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018, msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliweka pale kazi inayoitwa Ombres, yaani Vivuli. Hakuvunja ukuta. Aliandika majina ya Wakongomani waliokufa Ubeleji, mwanga ukipita yanaanguka kama kivuli juu ya majina ya Wabeleji. Hakuna tusi, hakuna nyundo. Jina juu ya jina. Sisi tunaona ile ni jibu kali kuliko kuangusha sanamu kumi.

Tukaribie nyumbani. Kati ya 1914 na 1916, huu mpaka wetu wa Goma na Gisenyi ulikuwa mstari wa vita: Wabeleji upande huu, Wajerumani upande ule. Katika vita hiyo Wabeleji walichukua wabeba mizigo karibu 260.000 katika Kongo. Walibeba risasi, mizinga, unga, na mizigo ya maofisa. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 jeshi lao likaingia Tabora. Generali Tombeur akapewa cheo cha baron, jina la Tabora likashonwa kwenye jina lake, na Saint-Gilles kule Bruxelles akasimamishiwa monument. Na waliobeba? Wale waliokufa na baridi, na njaa, na kuhara njiani?

Muangalie ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Wao pia walibebeshwa, na Waingereza. Lile kundi la wabeba mizigo liliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka kwa kinywa chao. Fasi ya kambi yao pale Dar es Salaam leo inaitwa Kariakoo. Nairobi inaitwa Kariokor. Kila siku mtu ananunua nyanya Kariakoo na, ajue asijue, anataja wale wabeba mizigo. Serikali haikutoa ile heshima. Kinywa cha watu njo kilichowatunza.

Sisi hata soko yenye jina lao hatuna. Tuna mjukuu wao tu, anasukuma chukudu. Mzigo uleule, na jina bado hakuna.

Na musidhani hayo ni mambo ya zamani za babu. Tarehe 22 mwezi wa pili 2021, kwenye barabara ya Rutshuru, upande wa Kibumba, msafara wa PAM ulishambuliwa. Watu watatu walikufa: balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mkongomani, Mustapha Milambo. Siku tatu baadaye, Wataliano wawili wakafanyiwa maziko ya taifa Roma. Leo kule Italia balozi ana mabarabara, bustani na mashule yenye jina lake. Hatuna ubaya na hiyo. Inchi inayowalilia watoto wake iko inafanya kazi yake. Swali letu ni kwetu: ile wiki hapa Goma, tulisema je? Tulisema "balozi, mlinzi wake, na chauffeur". Chauffeur! Mtu wa tatu sisi wenyewe, ndugu zake, tulimwita kwa kazi yake. Muzungu hakutulazimisha.

Kwa hiyo tusikae tunasema Wabeleji, Wabeleji. Kuangusha sanamu ya Léopold si kazi ngumu. Mwezi wa pili 2005 waliirudisha ile yake kati ya mji wa Kinshasa, na haikumaliza hata siku mbili, wakaiondoa. Goma haina sanamu ya Léopold ya kuangusha. Shida yetu ni fasi tupu, na fasi tupu hauwezi kuiangusha.

Nionyeshe fasi

Vijana, tutembee pamoja katika mji wetu. Kwa kila fasi tujiulize: jina gani limeandikwa hapa?

Mwezi wa saba 1994. Wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja wanavuka, kipindupindu kinaingia. Katika mwezi mmoja tu karibu watu 50.000 wanakufa. Jiwe la volkano lilikuwa gumu, watu walishindwa kuchimba makaburi kwa mkono, mpaka askari wa Ufaransa wakaleta mashine. Nani kati yenu, mwenye miaka ishirini, anaweza kuonyesha ile fasi? Wazee wetu wanajua. Wakituacha, itabaki kiwanja tu, na kiwanja kinauzwa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Nyiragongo inapasuka, moto unapita katikati ya mji, mpaka kwenye ziwa. Siku chache baadaye stasheni ya mafuta inalipuka, watu wanaungua. Tulijenga tena juu ya lile jiwe jeusi, na tunajivunia. Waliokuwa chini, majina yao?

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Volkano tena, usiku. Watoto wanapotea njiani wakikimbia. Majina?

Tarehe 30 mwezi wa nane 2023. Wanajeshi wa serikali wanafyatulia risasi raia waliotaka kuandamana. Zaidi ya watu 50 wanakufa, maiti zinatupwa kwenye gari ya jeshi, dunia nzima inaona video. Kolonel mmoja akahukumiwa. Jina la kolonel tulilisikia kwenye redio kila siku. Ya wale waliokufa tulisikia namba tu. Na namba yenyewe ilikuwa inabadilika kila siku.

Tarehe 3 mwezi wa tano 2024. Bomu zinaanguka katika kambi za wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert. Watoto, wamama. Majina?

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024. Boti iliyotoka Minova inazama karibu kabisa na Kituku, watu wako kwenye kwe wanaona ndugu zao wanazama. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, njo maana walijaa kwenye boti. Mpaka leo wamama wanauza samaki palepale. Jiwe liko wapi?

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Siku zile hatuhitaji kuwaeleza, mulikuwa chini ya vitanda kama sisi. Umoja wa Mataifa ulihesabu maiti karibu 2.900 mjini. Watu wa Msalaba Mwekundu walizika usiku na mchana. Wengine walizikwa na namba, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwatambua.

Tumehesabu saba. Kila mtu wa Goma anaweza kuongeza ya nane, ya tisa, ya kumi. Na kwa zote jibu ni lilelile: tuna tarehe, tuna hesabu, majina hatuna.

"Nyinyi vijana mumekosa kazi"

Tunajua mutatuambia nini. Tumeambiwa tayari, nyumbani, kwenye moto, hata kwenye kanisa. Tujibu moja moja.

*"Tangu mwezi wa kwanza 2025 benki zilifunga, ndege ikasimama, watu wanalala njaa, nyinyi munaleta habari ya sanamu."*

Mama, njaa tunaijua, tunakula kwenye chungu kimoja na wewe. Lakini muangalie: kila wakati ambapo mtu amekuja kukaa kwenye meza huko nje kuongea juu ya Kivu, anaongea juu ya koltani, juu ya mpaka, juu ya majeshi. Sisi tunaingia mwishoni, kama "raia walioathirika". Watu wasio na majina hawana madai. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2022 inasema waathirika wa vita wana haki ya kupewa fidia, na inaweka tarehe 2 mwezi wa nane kuwa siku ya kuwakumbuka. Vizuri. Fidia utampa nani kama hajaandikwa popote? Tarehe 2 mwezi wa nane hotuba zinatolewa Kinshasa, na waliokufa wako hapa. Jina si pambo. Jina njo mlango wa haki.

*"Kwa jirani wako na memorial kwa sababu wako na serikali."*

Tuongee wazi, hata kama kuna watakaokasirika. Ukienda Kigali, pale Gisozi kuna memorial iliyofunguliwa 2004, watu zaidi ya 250.000 wamezikwa pale. Kuna picha za watoto, na majina yao. Mtu akiingia anatoka analia, na anajua nini kilitokea 1994. Hatuwezi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya maiti yake, hiyo ni aibu. Machozi ya jirani ni ya kweli. Ila ya kwetu pia ni ya kweli, na sisi hatuna hata ukuta mmoja wa kumwonyesha mgeni. Kisha tunashangaa kwa nini dunia haituoni.

*"Majina yataleta chuki. Kila kabila itahesabu watu wake."*

Hii njo sababu kubwa, na hatuikimbii. Lakini kila kabila tayari inahesabu watu wake. Inawahesabu chumbani, usiku, mlango umefungwa. Kila familia ina orodha yake, na kila mwenye bunduki anajua kuitumia: "Muone walivyowafanya ndugu zenu. Kuja uchukue silaha." Maiti waliofichwa njo wanaoleta vita. Waliowekwa pamoja mchana, juu ya jiwe moja, hakuna anayeweza kuwachukua kuwa wake peke yake.

Kule ngambo, miaka ya 1930, Wabeleji waliandika Hutu, Tutsi, Twa kwenye kadi ya kila mtu. Munajua ile kadi ilitumika kufanya nini 1994, kwenye kila bariera. Huku kwetu kila siku tunaulizana: "Wewe ni wa wapi kweli? Baba yako ni nani? Unatoka Masisi gani?" Kwa hiyo jiwe tunalotaka halitakuwa na safu ya kabila. Muhunde, Munande, Muhutu, Mututsi, Mushi, Mutembo, Munyanga, Mukumu, Murega, mgeni aliyefika juzi: jina, umri, tarehe, fasi. Basi. Aliyekufa Goma ni wa Goma. Hapo hatubishani na mtu.

*"Na wakubwa watafurahi wachukue hiyo kazi."*

Watajaribu, ndiyo. Tunawajua. Kwenye hii inchi hata choo ya shule ikijengwa inapata plaque: imezinduliwa na Mheshimiwa fulani, kwa uongozi wa Mheshimiwa fulani. Jina la aliyekata riboni ni kubwa kuliko jina la shule. Tunasema mapema: juu ya lile jiwe jina la mtu hai halitaandikwa. La gavana hapana, la mfadhili hapana, la mouvement yetu pia hapana. Ukitaka jina lako liwe pale, njia ni moja tu, na hatukutakii.

Orodha inaweza kuua

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tusilale.

Kuna mwenzetu, katika mkutano, aliinuka akasema: "Nyinyi munataka kuandika majina. Katika huu mji, wakati huu, mtu akikamatwa na orodha ya majina, ataambiwa ni orodha ya nini?" Wote tukanyamaza. Kwa sababu amesema kweli. Hapa kwetu watu wamekufa kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye karatasi. Tuko tunaomba majina katika mji ambamo jina ni hatari.

Tulibishana saa nyingi. Wengine walisema tungoje amani. Wengine walisema tukingoja amani wazee watakuwa wameisha, na wao njo wenye kujua nani alizikwa wapi. Hatukupata jibu safi. Tulipata njia ya katikati, na tunaiweka hapa mbele yenu ili muipime.

Tuanze na familia. Kila nyumba ina maiti yake. Chukua kaye ya kawaida, ile ya shule. Andika jina lote, mwaka wa kuzaliwa kama unaujua, siku aliyokufa, fasi. Na kitu kimoja cha maisha yake: alikuwa fundi wa viatu, alipenda kuimba, alikuwa ndiyo kwanza ameanza secondaire. Usiandike nani alimuua. Hiyo ni kazi ya mahakama, na siku yake itafika. Usiandike kabila. Usiandike anwani ya walio hai. Usipige picha, usitume WhatsApp, usipost, hata kwetu usitutumie. Iweke fasi unapoweka karatasi ya kiwanja, na umwambie mtu mmoja tu unayemwamini fasi iko wapi.

Ile kaye haimtishi mtu yeyote. Ni karatasi ya mama anayemkumbuka mwanaye. Lakini siku hewa itakapokuwa nzuri, Goma haitaanza na fasi tupu. Itaanza na makaye elfu.

Tunachotaka

1. Sanamu ya chukudu ibaki. Ni yetu. Ila pembeni yake, chini, kwenye usawa wa macho ya mtu anayepita na mguu, pawekwe jiwe linalosema chukudu ilitoka wapi, nani waliitengeneza, nani waliisukuma, na nani walibeba kabla yake. Wazee wa kazi hiyo waulizwe kwanza, kabla hawajaisha.

2. Kila fasi ambapo watu walikufa kwa wingi katika huu mji ipate alama yake: Kituku, Mugunga, makaburi ya 1994, njia ya volkano. Hatuombi marumaru kutoka nje. Jiwe jeusi tunalo, tunalikanyaga kila siku, na mafundi wa kulichonga tunao.

3. Maandishi yawe kwa Kiswahili kwanza. Kifaransa kifuate. Mama anayeuza makala asihitaji mtu wa kumsomea jina la mtoto wake.

4. Waliozikwa na namba watafutiwe majina. Daftari za walioandika maziko zitunzwe, zisiuzwe, zisichomwe, na yeyote atakayetawala huu mji. Viwanja vya makaburi visigawanywe.

5. Shule zetu zifundishe historia ya hapa. Mtoto wa Goma anajua mwaka Léopold alipopata Kongo, na hajui nini kilipita mbele ya shule yake. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Na asili si kabila tu. Asili ni kujua nani alilala chini ya ardhi unayoikanyaga.

Hatutaki mtu atupe ruhusa ya kuanza. Nambari mbili na tano zitahitaji serikali, ndiyo, na serikali ya kweli siku moja itakuwa hapa. Lakini kaye haihitaji serikali. Kumwuliza nyanya "ulimpoteza nani, aliitwa nani?" hakuhitaji serikali.

Na tuna ombi dogo la mwisho, la leo hii, jioni, ukitoka kazini. Ukikutana na mtu wa chukudu pale kwenye mpando, amechoka, anahema, umsaidie kusukuma mita kumi. Kisha umuulize: "Kaka, unaitwa nani?"

Umwite hivyo. Kesho ukimwona tena, umwite tena.

Goma haijafa, na watu wake wako na majina.

Vijana raia wa Goma